Maji Niliyoapa Kuwa Ni Safi

Kisima kile kilinigharimu kupandishwa cheo mara mbili, na kiliwagharimu watoto wa shule moja weupe wa meno ya mbele. Nimehesabu upya, ni hivyo hivyo.

Niliripoti Mutomo mwanzoni mwa miaka ya sabini, mhudumu wa pampu ya kisima hicho. Siku ya kwanza Inspekta wa Maji alijaza glasi, akaiinua juani.

"Unaona uchafu?"

"Sioni, bwana."

"Basi waambie ni safi."

Niliwaambia. Niliapa hata kanisani.

Miaka ikapita. Hedimasta wa shule ile akawa anakagua meno kila Jumatatu kwenye paredi. Ya kahawia, viboko viwili kwa uvivu wa kupiga mswaki. Mama Syombua alinijia akimvuta Syombua mwenyewe, binti yake, ufizi unavuja damu.

"Nimemsugua na jivu, nimemsugua na mchanga, Bwana Pampu. Rangi haitoki! Atachapwa mpaka lini?"

Nilituma maabara chupa mbili, si moja. Majibu yalilingana: floraidi imezidi. Ni madini ya mwambani, hayana rangi. Kidogo huimarisha jino. Yakizidi hulichafua lingali ndani ya ufizi, na huko hakuna mswaki unaofika.

Inspekta aliikunja karatasi. "Ukisema, pampu itafungwa. Kiangazi hiki wanywe nini, karatasi?"

Swali lilikuwa la haki. Ndiyo maana liliniuma.

Jumatatu nilimkuta hedimasta ameinua kiboko, Syombua mbele yake.

"Mwalimu, chapa mimi. Maji ni yangu."

Watoto walicheka. Nilimpa hedimasta karatasi ya maabara; aliisoma mara mbili, akateremsha mkono.

Ikabaki kutafuta maji mengine. Nilimwendea mzee wa kanisa kuomba paa la kanisa tukingie mvua.

"Mabati ya Bwana uyafunge mifereji?"

"Bwana ananyesha bure, mzee. Ni nyinyi mnaomwaga."

Tulivutana mpaka jua likatua. Tukaafikiana: tangi la mvua kwa watoto wadogo, pampu kwa mbuzi, kufua, na sisi tulioshamaliza kuota meno. Mwezi haukuisha, nikahamishiwa Emali. Nilistaafu na cheo kile kile.

Juzi Syombua alinitembelea na mwanawe anayeota meno, kuuliza ampe maji gani. Hilo nililijibu. Kisha nikamtania, akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja.

Nimefikiria kumpa mbuzi wa fidia, nikaona ni dharau. Vijana mnaoianza kazi hii, nishaurini: kicheko cha mtu hulipwa kwa kitu gani?