Niligeuza Mbegu za Mama Mkwe Kwenye Kompyuta

Msinihurumie! Sikuja hapa kutafuta pole. Nilifanya ubaya kwa kusudi, nikiwa na akili zangu timamu, na aliyeulipia si mimi.

Mama mkwe wangu nilimchukia. Naye alinichukia tangu siku ya kwanza, akaniita "binti wa chaki" kwa kuwa baba yangu ni mwalimu na nimekulia Butimba, kwenye nyumba za chuo cha ualimu. Nikipika ugali, kwake ni uji. Nikienda Kiseke kumsaidia shambani, ananipokonya jembe mbele ya majirani: "Lete hapa, utajikata mguu utusingizie!" Watu wanacheka, na mimi nacheka nao huku nimeuma meno.

Kiwanda cha nguo kilipouzwa, mume wangu alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Kiinua mgongo chake tukakifanya kompyuta na printa, tukafungua chumba Mkuyuni, tunachapa barua na kadi za harusi. Wenzake wakakimbilia kulima Kiseke. Watu wa nyuzi hao, udongo wangeujulia wapi? Wakawa wanamwendea mama. Anachukua udongo wako, anaufinyanga kiganjani, anakwambia huu ni luseni, mchanga mtupu, weka mtama mwembamba unaowahi kukomaa. Huu ni mbuga, mweusi, unashika maji, weka ule wa kichwa kizito. Mbegu alikuwa nazo mwenyewe, zimening'inia juu ya jiko zikila moshi.

Mume wangu akapata wazo, na lilikuwa wazo zuri, sitalipunguza. Maarifa ya mama tuyaingize kwenye kompyuta, kila mkulima apewe karatasi kufuatana na udongo wake. Mama akakubali shingo upande. Akaja Mkuyuni, akakaa pembeni yangu, yeye anasema na mimi nachapa.

"Andika vizuri," akaniambia. "Hii ni njaa ya watu, si kadi ya harusi."

"Naandika, mama."

"Wewe! Hata kuku wako hawakusikii, kompyuta itakusikia?"

Wateja mlangoni wakaangua kicheko. Alipoondoka, nikaukata mstari wa mchanga nikaubandika kwenye mbuga, na wa mbuga nikaupeleka kwenye mchanga. Ni vidole tu! Ingekuwa ni kuandika upya kwa mkono, labda hasira ingepoa njiani. Nilitaka aaibike, watu wamcheke yeye kwa zamu yake. Nikajiambia watagundua mapema, watamzomea, yataisha.

Nani agundue? Kompyuta ilikuwa kitu kipya, hakuna aliyethubutu kubishana na karatasi iliyotoka kwenye mashine. Wakienda kwa mama wanataja mbegu tu, udongo hawautaji, naye anawapa akijua karatasi imeshasema yote.

Mvua ikaanza kwa fujo, mtama wa mbugani ukaozea majini. Kisha ikakatika, wa mchangani ukakauka kabla ya kutoa kichwa. Shamba la mama likabaki limesimama, kijani. Kwa nini lisisimame? Yeye alipanda kwa kichwa chake, hakupanda kwa karatasi yangu.

Nanyi mnayajua mambo ya huku kwetu. Mama mzee, macho mekundu kwa moshi wa jiko, shamba lake limestawi katikati ya mashamba yaliyokufa! Neno lile likaanza kwa minong'ono kisimani, likahamia kwenye pombe, na siku moja mchana kweupe wakajaa uani kwake. Mimi na mume wangu tulikuwepo.

"Mayu, mama wewe, ulitupa mbegu gani?" mmoja akafoka, akamrushia karatasi miguuni. "Zetu zimekufa, zako zimestawi. Umetuloga!"

Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima. Akaiokota, akasoma taratibu akifuata kwa kidole. Kidole kikasimama. Akainua macho akanitazama mimi, si mwingine. Jamani, nafasi ya kusema nilikuwa nayo! Nikaangalia chini.

"Nimekosea mimi," akasema. "Nilimtajia vibaya. Ni uzee."

Wakazidi kuwaka. Mawe yakaanza kupiga bati. Mume wangu alisimama mlangoni na panga, analia, anawatukana watu aliofanya nao kazi miaka yote. Alfajiri tukamvusha mama ziwa kwenda kwa kaka yake Sengerema, na nyumba yake wakaibomoa.

Baadaye nilimfuata, peke yangu. Nilimkuta anapalilia shamba la mtu, kibarua, katika umri ule! Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Akang'oa gugu, akalitupa kando.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Umemwambia mume wako?"

"Bado."

"Basi hujafika. Rudi." Akainama kwenye jembe lake. "Na usidhani nilikuficha wewe. Nilimwonea huruma mwanangu, asipoteze mama na mke siku moja."

Sikumwambia. Mpaka leo mume wangu huwaeleza watu kwamba mama yake alizeeka akachanganya mbegu. Anasema kwa upole, anamtetea, na mimi nimekaa hapo hapo namwongezea mchuzi. Mwanamke gani mimi!

Enyi mnaochukiana na mama wakwe zenu, gombaneni! Tukananeni uso kwa uso, rushianeni hata vyungu. Ila chakula cha watu msikiguse, na maneno ya mzee yakipita mikononi mwenu, yaacheni yalivyo. Na ninyi mnaoiamini karatasi kwa sababu imetoka kwenye mashine, ulizeni kwanza ni nani aliyekaa pale kuichapa.

Mume wangu hununua gazeti hili kila Jumapili, na huanza na ukurasa huu. Mume wangu, ukifika hapa niite. Mama yako hakukosea.