Msitu Nilioazima Pujini

Kama una cheko lako, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya nitakayokwambia yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, miwani puani na tumbo limeshiba. Wengine hukutana na mashetani usiku kwenye njia panda, wakarudi kwao wanatweta. Mimi wangu alikuja saa saba ya mchana, siku ya Ijumaa, akapiga hodi kistaarabu na kuvua makubadhi mlangoni. Shahidi wangu ni mke wangu, Bi Salma, na katika miaka thelathini na moja ya ndoa hajawahi kunisaidia kusema uongo hata mara moja.

Kwanza unijue. Nilikuwa mtu wa bendera katika stesheni ndogo huko bara. Mbele yake reli, nyuma yake msitu, basi. Treni zilikuwa chache, kwa hiyo kwa miaka ishirini na sita kazi yangu kubwa ilikuwa kuitazama miti. Nikaipenda. Nilipostaafu nikarudi kwetu Pemba, hapa Jadida, Wete, kisiwa ambacho hakina reli hata ya kubebea kuku. Nilikuja na vitu viwili: bendera yangu ya kijani, na treni ndogo ya umeme ndani ya boksi, aliyoniachia fundi mmoja mgeni alipokuwa anarudi kwao. Injini yake inaenea kwenye kiganja. Ukiichomeka kwenye soketi inazunguka, na kila mzunguko inapiga honi: pii.

Sasa ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilichukua mlango wa zamani wa nyumba ya marehemu baba, nikaulaza juu ya meza mbili katika chumba cha uani, nikapigilia reli zangu. Lakini treni inayozunguka juu ya ubao mtupu inatia huruma. Nikasema nitautengeneza ule msitu wangu wa stesheni, mti kwa mti.

Sikiliza, maana hapa ndipo ninapojivunia. Konyo la karafuu, kile kijiti kinachobaki karafuu zikishachambuliwa, ukilitazama vizuri ni mti tayari: lina shina, lina matawi, linangoja majani tu. Majani nikayapata kwenye sponji ya godoro bovu. Nililikatakata, nikalitia rangi ya kijani, ile wanawake wanayochemshia ukili wa mikeka, kisha nikalisaga kwenye blenda ya Bi Salma. Ndiyo, blenda. Kwa wiki nzima tulikunywa juisi ya embe ya kijani, na jambo hilo tumeshalizungumza, amenisamehe nusu. Nyuzi za makumbi ya nazi zikawa nyasi. Majani ya chai yaliyokwishapikwa niliyaanika, yakawa ndiyo majani makavu chini ya miti. Vyote hivyo kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tone kwa tone, kwa bomba la sindano. Kazi ya miaka miwili. Watu sikuweka hata mmoja, maana sanamu za watu ndani ya nyumba zina maneno, na jirani yangu ni imamu.

Kitu kimoja kilikosekana, nacho ni udongo. Majani ya chai, uyapange utakavyo, mwishowe yanaonekana chai.

Dada yake Bi Salma anakaa Pujini. Nyuma ya mashamba ya huko, si mbali na magofu ya zamani, kuna kichaka ambacho watu hawakati hata ufito. Ni mzimu wao, mahali pao pa kuombea, tangu enzi. Anayetaka kitu mle, mzizi wa dawa au chochote, ana utaratibu wake: anapiga hodi, anataja jina lake na anachokitaka, anaacha yai, anaondoka bila ya kugeuka nyuma. Mimi utaratibu huo niliujua nusu, na ile nusu niliyoijua niliionea haya, mtu mzima niliyetoka bara. Lakini adabu nayo haikunikubalia kuchukua kimya kimya. Basi nikasimama ukingoni na kikapu changu, nikasema vile unavyomwambia jirani unapoazima mbuzi ya kukunia nazi.

"Nachukua kidogo tu, nitarudisha."

Nikachota udongo mweusi, nikakwangua kuvu za kijani kwenye mawe, nikaenda zangu. Hakikunigusa kitu, hata mbu.

Udongo ule, niamini, ndio uliotia roho. Nilipoumwaga na kuugandisha juu ya ule mlango wa baba, msitu ukaanza kunuka mvua. Ila miti yangu ikawa haitaki tena kuwa ya bara. Mti nilioupanda kushoto jioni, asubuhi naukuta kulia. Njia niliyoichora inyooke inajipinda yenyewe. Nikajiambia ni panya. Lakini panya gani anang'oa mti akaupanda tena, na gundi akapaka?

Tuje Ijumaa yenyewe. Nakiri kosa langu: sikwenda msikitini. Nilimwambia Bi Salma mguu unaniuma, na mguu haukuwa na neno, ila gundi ilikuwa bado mbichi nami sikutaka kuiacha. Yeye alikuwa kwa jirani anasaidia mapishi ya harusi. Mtaa mzima kimya, wanaume wote wako kwenye hotuba. Mara nasikia hodi.

Ni mzee mfupi, kanzu nyeupe, kofia ya viua. Kanzu imelowa umande mpaka magotini. Umande, saa saba mchana, kiangazi. Ningepaswa kujua palepale, lakini mtu aliyekutwa na kosa hana nafasi ya kuchunguza wenziwe. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu.

"Mzee, hukwenda msikitini?" nikamuuliza, ili niwahi mimi.

"Mie n'na udhuru," akasema. "Weye je?"

"Mguu."

Akautazama mguu wangu. Kisha akautazama wa pili. Nami nikaanza kuchechemea.

"N'mekuja kwa kitu changu," akasema. "Uliazima, ukasema chamba utarejesha."

Kabla sijajibu akapita, akaelekea chumba cha uani moja kwa moja, kama mtu aliyezaliwa humo. Akauzunguka msitu wangu mikono mgongoni. Nikawa nasubiri sifa, maana kila aliyeuona aliusifu. Yeye akanyoosha kidole.

"Nti uno si wa hapa. Hapa pana nti wa ntondoo. Na ndege wako wapi? Msitu gani unyamaza hivi?"

Nikaudhika, nakwambia kweli. Hofu sikuwa nayo bado, nilikuwa na hasira ya fundi. Nikageuka nimvutie kiti akae, tubishane vizuri. Nilipomgeukia tena, chumbani hamna mtu. Kanzu nikaiona. Ilikuwa chini ya mti wa tatu kutoka kona ya reli, na ndani ya kanzu yumo mzee mwenyewe, urefu wake njiti ya kiberiti, anapapasa udongo kwa unyayo.

"Hapa ndipo kwangu," akasema. Mwili ulipungua lakini sauti haikupungua hata chembe. "Nakupa mpaka Ijumaa ya pili. Usiporejesha, nawaita jamaa zangu tuhamie. Nyumba yenyewe ino pana, na watoto wako weshaolewa."

"Nitakuletea udongo mwingine, mzee. Mzuri kuliko huu. Kiroba kizima."

"Ukiazima chungu cha ntu, hurejeshi sufuria."

Unadhani nilikimbia? Ule mguu niliousingizia, sasa ulikataa kweli. Nikabaki nimeshika kiti mpaka Bi Salma aliporudi na kuyaona makubadhi mlangoni, makubwa vilevile, hayakupungua.

"Una mgeni?"

"Ninaye."

"Yuwapi?"

Nikamwonyesha. Akainama, akakaza macho, kisha akasimama wima na mikono kiunoni.

"Leo ndo umefikia kutia sanamu ndani ya nyumba yangu? Hata imamu humwonei haya?"

"Si sanamu."

"Si sanamu ni nini?"

Sanamu ikavua kofia. "Salma wa Hamadi, hujambo mwanangu? Dadaako Pujini anakusalimu, kuku wake wa kijivu kaatamia."

Bi Salma ni mtoto wa Pujini. Hakupiga kelele. Alijifunika kanga kichwani, akasema "Shikamoo babu," akaitikiwa, ndipo akanigeukia.

"Ulipochukua ulisema nini?"

"Nilisema nitarudisha."

Akakaa chini sakafuni. "Kwetu hata mtoto mdogo wa chuo cha Kurani hasemi hivyo," akasema taratibu. "Unaomba, unaacha yai lako, unakwenda. Ukiahidi ushajifunga."

Siku ya pili yake nilichukua kisu, nikajaribu kuukwangua ule udongo nirudishe udongo tu. Ukanyanyuka na kuvu, kuvu ikanyanyuka na mti, mti ukanyanyuka na kipande cha mlango wa baba. Miaka miwili imeshikana, haiachani. Kumbuka kwamba ni mimi mwenyewe niliyeigandisha. Nikaweka kisu chini nikalia, na sioni haya kukwambia. Ule haukuwa mchezo wa mzee asiye na kazi. Ulikuwa ni miaka yangu ishirini na sita, na sikuwa na picha yake nyingine yoyote. Bi Salma alisimama mlangoni akanitazama, akasema, "Lia, kisha utafute gari."

Wiki ile tuliishi watatu. Kila siku ikifika saa saba mgeni ananiita nichomeke treni, na anataka isimame mbele ya mti wake. Jumatatu alipanda. Jumanne alidai stesheni, nikampa kiboksi cha kiberiti, akasema paa linavuja. Jumatano aliiona bendera yangu ukutani akauliza kitambaa kile cha nini. Nikamweleza: ikinyanyuliwa, maana yake njia ni salama, pita. Akasema hiyo ni kazi nzuri. Hakuna mtu Jadida aliyewahi kuniambia hivyo. Kufika Alhamisi, bwana wee, nilikuwa nimeanza kumzoea.

Ijumaa asubuhi nikapata pikapu. Mlango wangu na miti yake haukupita mlangoni, ikabidi nivunje fremu. Dereva aliniuliza ninahamisha nini, nikamwambia msitu, akaongeza sauti ya redio. Bi Salma alikaa mbele na makubadhi ya watu mapajani. Mimi nilikaa nyuma na mlango wangu, nikiizuia miti isipigwe na upepo. Injini na mabehewa nilivitia mfukoni mwa kanzu. Treni sikuiazima kwa mtu, na ahadi ina mipaka yake.

Mimi na dereva tuliulaza ule mlango ndani ya kichaka, juu ya mawe mawili, nikayapanga makubadhi pembeni. Chini ya mti wa tatu hapakuwa na mtu. Nikapiga hodi, nikataja jina langu na la baba yangu, nikaweka yai la kuku wa shemeji, nikasema, "Nimerudisha." Nikaondoka bila ya kugeuka, na shingo ikiniwasha ajabu.

Ijumaa hiyo nilisali msikiti wa Pujini, safu ya mbele, waliokuwepo waliniona mtu wa ibada. Nilipotoka nikatia mkono mfukoni niishike injini yangu. Nikashika kitu cha mviringo, laini, cha baridi. Lilikuwa yai. Lile lile nililoliacha kichakani, na doa lake la kahawia kwenye ncha, na treni haimo.

Cheka. Na mimi nimeshacheka, ila ilinichukua miezi.

Siku ya tatu shemeji akapiga simu. Akamwambia dada yake kwamba kule kichakani, kila saa saba, kuna kitu kinalia pii. Wakulima wameshakizoea, wanatua majembe na kwenda kula. Sasa wewe niambie. Treni ile haitembei bila ya soketi, na nguzo ya umeme ya karibu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Chumba cha uani ni cheupe sasa, hamna msitu. Bi Salma ameweka humo cherehani yake, na fremu bado haijatengenezwa. Nilidhani angefurahi, lakini ndiye anayenikumbusha mwezi ukifika: "Huendi kwa mwenzio?" Nakwenda. Nachukua bendera yangu ya kijani, nakaa kwenye jiwe nje ya kichaka, siingii na siombi kitu. Saa saba ikitimia nasikia majani yanatikiswa na kitu kidogo kinachokuja, na siku hizi nasikia ndege pia, wengi, ambao mimi sikuwaweka. Nasimama wima kama nilivyofundishwa, nanyanyua bendera. Inapiga honi mara mbili, inapita.

Basi nikuase, ndugu yangu, wewe unayeona haya kuacha yai. Popote uendapo kwa watu, wanaoonekana na wasioonekana, ukitaka kitu, omba. Useme nipe, useme nisaidie, upige magoti ikibidi. Lakini neno hili la nitarudisha, tunalolitupa kwa majirani kila siku kwa chumvi na vibiriti, ulitazame kabla halijatoka. Wapo wanaokaa wakahesabu siku. Na wakija kudai, watakikuta kitu chao kimeshagandana na kile unachokipenda.