Mama yangu alivyovaa miwani ya VR kwenda kumpa pole mjane wa Canada

Wakuu, habari zenu. Wakubwa wote shikamooni.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa Ifakara, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Kiingereza. Msinicheke: ubaoni nipo vizuri, passive voice naimwaga, ila kuongea na mzungu nilikuwa natetemeka. Akiniuliza njia ya Kivukoni, najifanya napokea simu.

Basi ukaja mradi kwenye kituo kimoja cha kompyuta Mlabani. Unavaa miwani ya VR, unajikuta umekaa kwenye chumba na mtu wa nchi nyingine. Wote mnaonekana katuni. Nusu saa Kiingereza, nusu saa Kiswahili.

Mimi nikapangiwa Helen, mama wa miaka hamsini hivi, yuko Canada. Anapenda Kiswahili balaa. Kila Jumamosi saa kumi tulikuwa pamoja (umeme ukikubali).

Taratibu woga ukaanza kuniisha.

Jumamosi moja akaingia kimya. Nikamwuliza kulikoni. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mume wangu amekufa. Jumanne."

Wakuu, Kiingereza chote kikayeyuka. Zile sentensi za kitabuni za kumfariji mtu niliziona kavu mno.

Nikasema tu, "Pole, dada Helen. Pole sana." Nikanyamaza. Na yeye akanyamaza. Tukakaa hivyo mpaka muda ukaisha.

Nilirudi nyumbani Lumemo najiona nimeharibu. Mwalimu mzima nimeshindwa kumfariji mtu!

Nikamsimulia mama. Mama yangu ni Mpogoro wa Mahenge, mkulima wa mpunga, naye mjane. Akaacha kupepeta mchele.

"Kwa hiyo umempa pole, ukaondoka?"

"Mama, yuko Canada."

"Si umesema mnakaa chumba kimoja? Jumamosi nipeleke."

Nilidhani utani. Jumamosi nakuta keshajifunga khanga mbili, yuko tayari. Nikamtumia Helen ujumbe kumwuliza kama ni sawa. Akajibu, "Karibu mama."

Pale kituoni mama alivua kandambili mlangoni, akavaa ile miwani juu ya kilemba. Mimi nikavaa nyingine ili nitafsiri.

Helen akawahi, "Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Pole. Pole na msiba."

Mama akanyoosha mkono amshike. Ukapita hewani. Akajaribu tena. Mwisho akauacha mkono palepale, mbele ya mkono wa Helen, akaanza kumsemesha polepole kwa Kipogoro, kama anavyowasemesha wafiwa kwetu. Sikutafsiri. Helen hakuniomba.

Ile katuni ya Helen ilikuwa inatabasamu muda wote, ndivyo ilivyotengenezwa. Ila sauti tuliisikia. Alikuwa analia kwa kwikwi.

Alipotulia akaniambia kwa Kiingereza kwamba watu wa kwao walimletea maua na chakula, wakaacha mlangoni ili wasimsumbue. Tangu mazishi hakuna aliyekaa naye. Na Jumamosi iliyopita, mimi niliponyamaza bila kuondoka, ndiyo siku aliyoweza kulala.

Wakuu, nililia ndani ya miwani. Vioo vikajaa ukungu.

Tunatoka, mama akaniuliza, "Sasa usiku analala na nani kule?"

Nikamwambia nadhani peke yake. Akasema, "Basi Jumamosi tunarudi."

Na tulirudi mpaka mradi ukaisha. Sasa hivi wanapigiana video call bila mimi. Mama ana maneno sita ya Kiingereza, Helen anaanza kujua Kipogoro. Wanavyoelewana sijui, ila jana nimewakuta wanacheka.

Nilichojifunza: miaka yote nilikuwa nasubiri nijue lugha vizuri ndipo nimsogelee mtu. Mama yangu alisogea kwanza.

Nanyi mlioko ughaibuni au mliowahi kufiwa ugenini, nani alikuja kukaa na nyie? Karibuni, nasoma zote.