Saa Mbili Kasoro

Mimi ndiye niliyemfukuza mama mmoja wa kijiji cha Sigino kwenye kituo cha maziwa, na nilimfukuza kwa adabu kabisa, kwa kubofya mara mbili.

Wakati huo nilikuwa karani wa takwimu katika kituo kimoja cha kukusanyia maziwa hapa Babati. Cheo kikubwa, kiti kibovu. Sheria ilikuwa maziwa yafike kabla ya saa mbili asubuhi, gari liondoke nayo. Aliyechelewa mara kumi kwa mwezi alifutwa kwenye orodha. Getini alikaa mzee wa kupokea, mtu wa milima ya Mbulu, aliyeandika muda kwenye daftari kama anavyousema. Kwake hakuna aliyefika saa moja na dakika hamsini na mbili. Watu walifika "saa 2 kasoro", "saa 2 kasoro kidogo" na, siku za mvua, "saa 2 kasoro, tope". Sote tulimwelewa.

Programu ya kusafishia takwimu haikumwelewa. Kila nilipoingiza daftari lake, safu ya muda ilijaa alama nyekundu kama mtoto mwenye surua. Mkuu wangu naye alitaka saa nzima nzima kwenye ripoti, maana dakika, alisema, zinachafua jedwali. Basi nikaiamuru programu ifute maneno yote, ibakize tarakimu, na chochote kilichozidi ikikadirie hadi saa iliyo karibu. Waliofika "saa 1 na nusu" wakazawadiwa nusu saa bila kuomba. Jedwali likang'aa, nami nikajipongeza kwa supu na chapati mbili.

Mwisho wa mwezi ikatoka orodha ya wachelewaji. Ilikuwa na mtu mmoja tu aliyefikisha mara kumi, yule mama wa Sigino mwenye ng'ombe mmoja, aliyetoka mbali kuliko wote na kutembea kwa miguu. Nikamfuta. Kesho yake akaja ofisini na ndoo yake ya maziwa, imejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimechelewa lini?"

"Kila siku, mama."

"Kila siku, na gari linachukua maziwa yangu kila siku?"

Hapo mtu mwenye akili angesita. Mimi nilikuwa na jedwali. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe zile saa mbili zilivyojipanga, nikamwambia mashine haikosei. Aliangalia kwa heshima, akajitwika ndoo, akaenda zake.

Ilipita kama wiki tatu ndipo mzee wa getini akaniuliza mbona yule mama haonekani. Nilipomweleza, alicheka mpaka akavua kofia.

"Huyo gari halijawahi kumwacha," alisema. "Kwani wewe nilichoandika hukusoma?"

Sikuwa nimesoma. Nilikuwa nimesafisha tu. Nikalifungua daftari, nikapitisha kidole kwenye mstari wake siku baada ya siku, na kila siku kasoro ilikuwepo, kwa mwandiko mkubwa wa mtu anayejua kwamba neno hilo lina kazi. Masikio yalinichoma kwa aibu.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Nikaiambia programu kwamba penye kasoro ipunguze dakika kumi, na isikadirie kitu tena. Mkuu akanung'unika kuhusu uchafu, nikamwacha anung'unike. Kisha nikampigia mama simu, nimejaa furaha kama mtu anayempa zawadi.

"Mama, tulikosea sisi. Umerudishwa. Njoo kesho."

"Nije na nini, mwanangu? Ng'ombe nilimpeleka mnadani. Ningemwaga maziwa mpaka lini?"

Yeye akanishukuru kwa kumkumbuka, akaniuliza kama nyumbani kwetu hawajambo.