Siku Tuliyongoja Oili Iingie

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka sana, mwanangu, ya miaka ya hamsini, nilipokuwa bado mgeni katika nyumba ya mume wangu Athumani pale Tongoni. Motokaa kijijini ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa yake. Athumani aliinunua kuukuu kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao, akawa anapeleka watu na nazi zao Tanga.

Kumwaga oili alikufanya mwenyewe, uani. Aliiwasha injini kwanza ipate moto kidogo, maana oili ya baridi ni nzito, haitoki yote, na uchafu hubaki ndani. Kisha aliizima, akazuia magurudumu kwa mawe, akalala chali juu ya jamvi na kuifungua nati ya chini, oili nyeusi ikamiminika kwenye karai. Hatukuitupa. Tuliipaka nguzo za banda ili mchwa wasizile.

Asubuhi hiyo wifi yangu Mwanahamisi, mdogo wake Athumani, alikuwa kwetu. Mimba ilikuwa ya kwanza, naye alikuja kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo ada. Uchungu ulimshika tangu jana yake, na mavyaa wangu, yaani mama yake mume wangu, alikuwa naye chumbani pamoja na mkunga. Athumani alimuuliza mama yake mlangoni kama aiweke motokaa tayari kwa safari ya hospitali. Akajibiwa kwamba mambo ya uzazi si ya wanaume, aende kwenye shughuli zake. Basi akaenda kumwaga oili.

Oili ilikuwa imekwisha kutoka, nati bado iko kwenye jamvi, mkunga alipotokeza uani na kusema damu imekuwa nyingi, mgonjwa apelekwe Tanga sasa hivi. Majirani wakaja, wakambeba Mwanahamisi, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha motokaa. Uso wake ulikuwa umepauka, nami nilimfunika kanga huku nikiomba dua. Mavyaa akaingia, akaketi, akampakata kichwa. Akamwambia mwanawe awashe waende.

"Mama, injini haina oili," Athumani alisema. "Nikiiwasha hivi itakufa njiani, na kule kati ya mkonge hatutapata wa kutusaidia."

"Wewe unatazama motokaa," mama yake akamjibu. "Mimi namtazama mwanangu anakufa."

Athumani alirudi chini ya gari. Nati ikamponyoka mchangani, akaitafuta, akaifuta kwa shati lake, akaifunga na kuikaza. Mimi nilimshikia faneli. Ee mwanangu, sijaona kitu kinachokwenda polepole kama oili ile mpya ilivyoshuka siku hiyo. Jirani mmoja alishindwa kuvumilia, akaishika hendeli ya kuwashia injini aizungushe, Athumani akamwondoa mkono taratibu. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakitazama tena. Ndipo akaiwasha.

Hatukukwama. Tulifika Tanga, na Mwanahamisi akaokolewa. Mtoto, wa kiume, alitoka akiwa maiti.

Msibani mavyaa alimwambia kila aliyekuja kuhani kwamba mjukuu wake amekufa akingojea oili. Watu walianza kumtazama mume wangu kwa jicho jingine. Hata waliopanda motokaa yake kila siku wakawa wanasita. Kila asubuhi alikwenda kumwamkia mama yake shikamoo, naye aliitikia marahaba akitazama ukuta.

Nami nilijua jambo. Pale hospitalini, nilipokuwa nikizipokea nguo za wifi yangu, muuguzi aliniambia kuwa mtoto alikufa tumboni kabla ya siku ile. Nilimweleza mume wangu. Akaniambia nisimwambie mama. "Yeye ndiye aliyenikataza kuiweka motokaa tayari," akasema. "Akijua, hatalala tena. Mimi ninaweza kulibeba." Nikatii. Kama nilifanya sawa au sivyo, mpaka leo sina hakika.

Mwanahamisi alipotoka arobaini, alikuja mgeni kutoka Pangani, na mavyaa akaanza kumsimulia habari ile ile ya oili. Mwanahamisi alikuwa ameketi mkekani. Alizungumza kwa sauti ya chini, hakuinua uso.

"Mama, usimseme tena kaka. Mtoto aliacha kucheza kabla hata uchungu haujanishika, nami nilikwambia. Ukasema amelala."

Mavyaa alishika ushungi wake, akainuka, akatoka uani ambako Athumani alikuwa akifua nazi, akaketi chini kwenye makumbi. Athumani aliruka kwenda kumletea kigoda, mama yake akamzuia.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukaninyamazia."

"Ningekwambia nini, nawe ni mama yangu?"

Alilia sana mama yule. Kisha akamshika mwanawe kichwani kwa mikono miwili, akamwambia radhi zake anazo, duniani na akhera, naye amsamehe. Alipofariki miaka mingi baadaye, Athumani ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Sasa wewe, mwanangu, umepata gari, na unataka kumwaga oili mwenyewe nyumbani. Vyema. Uliza kwanza kama ndani kuna mgonjwa, na oili mpya iwe karibu nawe kabla hujaigusa nati. Ukishafungua, maliza, hata kama dunia nzima inakupigia kelele, na hata kama anayekupigia kelele ni mtu unayempenda. Utalaumiwa. Vumilia. Nawe ukifikwa na msiba, usikimbilie kumtaja aliyeusababisha, kwa sababu moyo wenye uchungu humshika aliye karibu. Na zaidi ya yote, mke au dada akikwambia mtoto ameacha kucheza tumboni, usimwambie amelala. Mpeleke hospitali saa ile ile.

Mwenyezi Mungu akupe mikono iliyotulia na ulimi wenye subira, akujaalie radhi za wazazi wako wote wawili, na kila unayempakia garini mwako afike salama. Amin.