Theluji, Mwaka Ule wa Nguo Nyeusi

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la maji hapa Juba. Aliugua siku nne, ya tano akaondoka. Tulipotoka kuzika, mama mkwe aliniletea gauni jeusi, refu, la mikono mirefu, na la pili la kubadilisha. Akasema nitavaa hayo mwaka mzima. Mimi ni Mkenya, nimetoka upande wa Kitale, na kwa watu wetu mambo hayako hivyo. Lakini hakuna aliyenilazimisha. Nilivaa kwa sababu sikuona kitu kingine kilichobaki cha kumfanyia.

Masharti ya nyumba yao si mengi. Ukitoka mbele ya watu, uwe ndani ya nguo nyeusi. Usiingie kwenye arusi. Bibi arusi usimtazame kabisa, hata kwenye picha, wasije wakasema umempa msiba wako kwa macho. Mwaka ukiisha hufanywa karama, yaani chakula cha kumkumbuka marehemu. Asubuhi ya siku hiyo wanawake wazee hukaa na mjane chumbani, wakamuuliza kama nguo aliishika. Akijibu vizuri, wanamvua hapo hapo.

Mdogo wangu wa kike wa mwisho nilimlea mimi, mama yetu alipokufa. Alipopata mchumba alipanga arusi yake wiki mbili baada ya karama hiyo. Alihesabu siku makusudi.

"Dada, nimekungojea wewe," aliniambia kwenye simu. "Wewe ndiye utakayenishika mkono. Mwingine sitaki."

Nikamwambia nitakuja.

Kazi yangu ni kushona. Nina cherehani moja soko la Custom, na nina marafiki wawili pale. Mmoja ni Mkenya mwenzangu, anauza mapazia. Wa pili ni mwenyeji wa hapa aliyekulia ukimbizini Uganda, anauza viatu. Mwezi wa kumi wa msiba wangu, hao wawili walikuwa wanakwenda Dubai kununua mali, safari ya Ijumaa hadi Jumapili. Wakaniambia twende, nikachague vitambaa mwenyewe badala ya kuletewa vinavyochuja rangi.

Nilikwenda mtaa wa Munuki kumwomba ruhusa mama mkwe. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha.

"Kazi ni kazi," alisema kwa Kiswahili chake cha Juba. "Wewe enda. Lakini nguo ya mtoto yangu, hapana toa."

Ijumaa tulizunguka madukani mpaka miguu ikavimba. Jumamosi asubuhi muuza mapazia akatoa karatasi tatu kwenye mkoba. Alikuwa ameshalipia, hakutaka tujue mapema tukakataa.

"Leo tunakwenda kuteleza kwenye theluji," alisema. "Nimechoka kuiona kwenye kalenda."

Nje joto lilikuwa kama la Juba mwezi wa tatu. Ukiingia ndani ya duka moja kubwa, nyuma ya kioo, kuna mlima. Mlima mzima chini ya paa, mweupe, na watu wanashuka wamesimama juu ya vibao. Muuza viatu alishika kichwa.

Kwenye kaunta ya kutoa buti tulimkuta mwanamke wa Eldoret. Alitujua kwa kutusikia tu.

"Karibuni, akina mama. Mmetoka wapi?"

"Juba."

"Juba! Mmekuja mpaka hapa kutafuta baridi?"

"Na wewe?" muuza mapazia akamjibu. "Ulikimbia baridi ya Eldoret, sasa umeajiriwa nayo."

Alicheka mpaka akasahau namba ya mguu wangu. Kisha akatupa suruali nene na majaketi. Yalikuwa mekundu na samawati. Niliuliza kama kuna jeusi. Hakuna. Nikasema basi mimi nitawashikia mikoba.

"Hapana," akasema muuza viatu. "Jaketi ya kukodi si nguo. Ni kama mwavuli. Gauni yako vaa ndani, nani anakataza?"

Tulibishana pale kama wanasheria. Nilikubali, na nasema wazi kwamba nilikubali upesi. Nilivaa suruali juu ya gauni, nikalisokomeza lote ndani, jaketi jekundu juu. Tumbo likatokeza.

"Wewe iko kama mama ya mapacha," muuza viatu alisema.

Mwalimu alitufundisha kuweka ncha za vibao zikutane mbele kama paa la kibanda, ili usiende mbio. Nilianguka hata kabla hajamaliza kusema. Nilianguka tena na tena. Kila nikianguka theluji iliingia kiunoni, ikayeyuka, na gauni likainywa. Baada ya nusu saa maji yalinitiririka ndani ya buti na meno yakawa yanagongana.

Muuza mapazia alinipeleka chooni. Nikavua gauni, nikabaki na fulana, suruali na jaketi, na yeye akalishika gauni chini ya mashine ya kukaushia mikono, akiligeuza upande huu na upande ule. Ilichukua muda. Wanawake waliingia wakatoka wakitutazama.

"Limekauka," alisema. "Vaa."

Nililipokea. Lilikuwa na joto kama limetoka kupigwa pasi. Nililishika kidogo, kisha nikamrudishia.

"Nishikie," nikasema.

Akalikunja, akaliweka kwapani. Nilirudi peke yangu, nikapanda ule mkanda unaopeleka watu juu, nikashuka. Safari hii sikuanguka. Upepo wa baridi ulinipiga usoni na mwili ukawa mwepesi, nikapiga kelele, nikacheka kwa sauti mpaka mtu mmoja akageuka. Kuanzia juu hadi chini sikumkumbuka mume wangu hata kidogo. Nilipofika chini nikamkumbuka, nikaketi hapo hapo kwenye theluji. Kisha nikaenda kuvaa gauni.

Kwenye ndege wale wawili walikuwa wameshaamua.

"Kalas, imeisha," alisema muuza viatu. "Hiyo maneno iyeyuke na barafu yake."

"Na nani atauliza?" akasema muuza mapazia. "Wazee wa Munuki watakuuliza habari za theluji?"

Walisema kweli, hakuna ambaye angejua. Miezi miwili nilishona, nikala, nikalala, nikijiambia hivyo. Mdogo wangu alikuwa akinipigia kila Jumapili kunieleza keki, viti, mchungaji. Siku moja alisema ameniwekea chumba chenye dirisha. Nilitaka kwenda. Sijawahi kutaka kitu namna ile.

Siku ya karama wazee watano walikaa nami chumbani kwa mama mkwe. Nje mbuzi walikuwa wameshachinjwa. Anayeuliza ni shangazi wa mume wangu, dada ya baba yake, mwanamke mwembamba anayezungumza polepole.

"Nguo uliishika?"

Neno moja tu lilihitajika. Nililifungulia mdomo. Lakini lile gauni lilikuwa mwilini mwangu, na niliona kwamba nikivuliwa kwa uongo, basi hata ile miezi kumi niliyolishika vizuri ningekuwa nimeitupa. Nikawaeleza. Dubai, mlima, jaketi, maji.

"Barafu?" mzee mmoja aliuliza. "Kama ya kuweka soda?"

"Kama hiyo, mama, lakini mlima mzima. Watu wanateleza juu yake."

"Na wanalipa?"

"Wanalipa."

Wawili walicheka. Shangazi hakucheka.

"Ulivua kwa sababu ya maji. Hiyo mimi naelewa. Na ilipokauka?"

"Ilipokauka sikuvaa."

"Sababu gani?"

"Nilitaka kushuka mara moja bila yeye."

Mama mkwe aligeuza uso akatazama ukuta. Hilo liliniuma kuliko hukumu iliyofuata. Shangazi akasema nguo itakaa mwezi mmoja zaidi. Alisema bila hasira, kama mtu anayekuambia dozi ya dawa ulikatiza na sasa uimalizie. Nilitoka nje nikiwa na nguo nyeusi vile vile, nikagawa chakula cha mume wangu kwa watu.

"Mdomo yako!" muuza viatu alininong'oneza kando ya masufuria. "Ungesema ndiyo tu, mama! Ndiyo moja!"

Nilimpigia mdogo wangu siku iliyofuata kumwambia kwamba arusini sitafika. Alilia kwanza. Kisha akakasirika.

"Si hata watu wako, dada. Si mila zako. Umewachagua wao."

Hadi leo tunazungumza, lakini jambo hilo tunalizunguka. Sijutii kule kushuka. Ningepewa siku ile tena, ningeshuka tena. Wala sijutii kusema. Kilichoniuma ni kwamba yeye ndiye aliyelipia yote mawili.

Jumamosi ya arusi sikwenda sokoni. Mama mkwe alikuja kwangu asubuhi bila kuniarifu. Tangu karama tulikuwa tumesalimiana tu. Alikaa kitandani, akanyoosha mkono.

"Simu iko wapi? Yule binamu yako anatuma picha inatembea, si ndiyo?"

Nilimwambia ndiyo, kuna binamu atakayeonyesha arusi yote moja kwa moja, lakini mimi siruhusiwi kutazama.

"Wewe kaa pale. Tazama mlango. Mimi natazama."

Nilikaa kwenye mkeka, nikampa mgongo. Nilisikia kwaya na kelele za watu wa kwetu.

"Sasa iko inaingia," alisema. "Gauni iko refu, watu wawili iko nashika nyuma. Kichwa imefunika. Huyu mwanaume iko fupi."

"Ni mfupi, mama."

"Lakini iko natazama yeye vizuri. Sasa inafunua. Eh. Inafanana na wewe."

"Analia?"

"Inalia kidogo. Sasa imeacha."

Aliniambia kila kitu: pete, kofia za wazee, mtoto aliyeketi chini kwenye njia akakataa kuondoka. Mguu wangu ulikufa ganzi na sikuthubutu kuunyoosha. Kisha muziki ulianza na mama mkwe akanyamaza.

"Mama, kuna nini?"

"Ngoja. Iko inacheza."

"Anacheza namna gani?"

Alijaribu kusema, akashindwa. Alianza kwa Kiarabu cha Juba, akaacha, akaanza kwa Kiswahili, akaacha. Kitanda kikalia. Alizunguka akaja kusimama mbele yangu mlangoni, simu mkononi, kioo kikiwa upande wake nisikione, macho yake hapo hapo asipitwe. Akaanza kuchezesha mabega, kwanza kulia, kisha kushoto, akipiga hatua ndogo ndogo kwa miguu yake mizee, akifuatisha kila anachokiona.

"Hivi," alisema. "Inacheza hivi."

Nilimtazama.