Dawa, si Chakula

Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Sasa ulipumzika, na mama yake, fundi cherehani, akaingiwa na hofu. Mtoto alizaliwa na virusi, vidonge vyake anameza kila siku, mbona anakonda?

"Vidonge peke yake havitoshi," muuguzi alimwambia. "Mwili usiposhiba, ugonjwa unapata nguvu. Pakiti hizi za karanga za kusaga azimalize, moja asubuhi, moja jioni. Asipoongezeka kilo mpaka Jumatatu, tunamlaza."

Azimalize! Kwani nani alikuwa anazimaliza? Mchana Chiriku alishinda, na pakiti zake, kwa wifi wa fundi, dada wa marehemu mumewe, na watoto wa wifi walikuwa na mashavu hayo, we acha tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi akamwita mdogo wao kama anayetaka kumbusu, kumbe anamnusa mdomo. Ulinuka kitunguu. Hata hicho kitunguu akakishuku: wamekula, wakafunika harufu!

Ijumaa akaacha gauni la mtu mezani, akamvamia wifi bila hodi, akafungua kabati. Lo! Pakiti zimejaa tele. Moja tu imefunguliwa, imebanwa kwa kibanio cha nguo.

"Unamuuzia nani, wifi? Sema! Mwanangu anakwisha, wewe unafanya biashara!"

"Biashara? Wifi, Mungu anakuona! Nampa mwanao kijiko asubuhi, kijiko jioni. Akililia zaidi namchapa mkono."

"Kijiko?"

"Si maneno yako mwenyewe? 'Wifi, hii ni dawa, si chakula.' Sasa dawa ikizidi si itamdhuru mtoto wa watu?"

Kweli fundi alisema hivyo, ili watoto wa wifi wasionjeshwe. Mengine hakueleza, kwa kuwa hakumwamini. Na wifi wa watu alikuwa amelinda zile pakiti kwa moyo wake wote, huku mtoto akishinda na njaa.

Fundi akachukua pakiti, akairarua na kumgeukia Chiriku aliyekaa mkekani. "Njoo, mama. Njoo ule."

Mtoto akaificha mikono yake mgongoni.

"Sijaomba, mama," akasema. "Nilikuwa naangalia tu."